Julai ya Voi na Julai ya Dubai

Nyinyi mnaokata tiketi za ndege kwa simu mkiwa mmejilaza kwenye kochi, siwalaumu. Simu ina kila kitu siku hizi. Inakuonyesha viti, inakuonyesha bei, inakuchorea hata kijua cha manjano ujue huko uendako kuna joto. Lakini sijaona simu inayomuuliza mtu kwa nini anasafiri. Mimi nilikaa kwenye ofisi ya tiketi hapa Voi, karibu na soko, mpaka nikastaafu, na kwa sababu ya swali hilo wateja wengi waliniita mbea. Walikuwa na haki yao. Hata hivyo ningerudi leo kwenye kiti kile ningeliuliza tena.

Ofisi ilikuwa ya Bi Zuhura, mama wa Kiislamu ambaye wazazi wake walihamia Voi kutoka Mombasa wakifuata biashara ya vitambaa. Kabla watu wa huku hawajaanza kwenda Dubai, yeye alikuwa akiwapeleka wazee kuhiji. Sasa Hijja hufuata mwezi, haifuati jua. Miaka mingine huangukia wakati wa hewa nzuri, miaka mingine huangukia katikati ya kiangazi cha kule. Bi Zuhura alikuwa amewapokea wazee waliorudi wamechubuka nyayo kwa kukanyaga sakafu yenye moto, na amewahi kupokea mizigo ya mtu ambaye hakurudi. Kwa hiyo aliyajua majira ya jangwa kwa uchungu, hakuyasoma mahali.

Siku yangu ya kwanza kazini aliniketisha akaniambia, "Sikiza mwanangu. Mtu akija hapa akakwambia yuwenda Dubai, usianze kumuuliza yuwenda lini. Muulize mchana kutwa atakuwa wapi."

Nilidhani ni maneno ya kizee tu. Nilikuja kuona kwamba ndiyo kazi yenyewe. Yule anayekwenda kukaa ofisini kwenye kiyoyozi na yule anayekwenda kusimama kwenye kituo cha basi, hao hawaendi mji mmoja, hata kama wamekaa viti vya jirani ndani ya ndege. Mwenye gari la kumngoja mlangoni aweza kwenda Juni akarudi salama. Anayekwenda kuzunguka masokoni kwa miguu akichagua nguo za kuuza, huyo mwambie asubiri Novemba ipite, na ajitahidi awe amerudi kabla Aprili haijaisha. Na Agosti na Septemba msidanganyike kwamba joto limeanza kushuka. Wakati huo bahari inatoa jasho lake, na hewa inakushika mwilini kama shuka iliyoloa. Serikali yao wenyewe hukataza watu kufanya kazi juani mchana miezi ile. Ukiona wenye mji wamejificha, wewe mgeni unatafuta nini nje?

Sasa kuna kosa moja ambalo naamini ni letu sisi watu wa kaunti hii. Sisi tunajiona wazoefu wa joto. Mtu aliyelala Voi mwezi wa Februari chini ya mabati, feni ikimpulizia upepo wa moto, humwambii kitu. Halafu Julai ikifika tunaona hewa imebadilika, mtu anatafuta sweta asubuhi. Na kule Wusi nilikozaliwa, milimani, Julai na Agosti ukungu unashuka mpaka kwenye migomba na watu hawatoki jikoni. Basi kichwani mwetu Julai ni baridi, Agosti ni baridi, na hatuulizi ni baridi ya wapi. Ongeza kwamba shule zimefungwa Agosti, ongeza kwamba tiketi za Dubai ni rahisi miezi hiyo, na Mtaita ameshafungasha.

Mwalimu mmoja mstaafu wa kwetu Wusi alikuja Julai moja anataka kusafiri Agosti akaone maduka aliyoyasikia. Alikuwa amenunua sweta mbili nzito. Nilimweleza mpaka nikakaukiwa na mate.

"Mama Mshai," akaniambia, "wewe ni mtoto wa kwetu. Agosti kweli iwe na joto?"

Akaenda. Aliporudi alipitia ofisini, amekonda kidogo, lakini anacheka. "Nje nilitamani kuvua ngozi," alisema. "Lakini zile sweta zilinifaa sana."

"Zilikufaa wapi, Mwalimu?"

"Ndani ya maduka. Wale watu wameichukua baridi ya Wusi wakaifungia ndani ya maduka."

Tulicheka, Bi Zuhura akacheka mpaka buibui likamteleza. Ila si wote waliorudi na kichekesho. Mama mmoja wa upande wa Chala, mfanyabiashara hodari, alikwenda Agosti kununua mitumba ya viatu, akaanguka njiani katikati ya duka na duka. Siku zake zote za safari alizimaliza hospitalini, akarudi mikono mitupu na figo zinazomsumbua mpaka leo. Baada ya huyo niliacha kucheka. Mtu akitaka Julai na mwili wake si mzima, nilikuwa simuuzii. Bi Zuhura hakunikataza, ingawa biashara ilikuwa yake.

Ndipo akaja Mzee Simiyu.

Wengi wenu mlimwona bila kumjua. Alikuwa mzee mrefu wa kofia ya kahawia, akikaa mtaa ulio nyuma ya stesheni ya zamani. Alitoka pande za Bungoma akiwa kijana, akaajiriwa kwenye genge la reli, akazeekea hapa. Mkewe aliniuzia sukuma wiki miaka na miaka, na kila mara aliniongezea kishada kimoja bila kusema neno. Alifariki ghafla, akapelekwa kuzikwa kwao magharibi. Binti yao mkubwa, Nafula, alikuwa ndio kwanza ameingia Dubai, anasafisha vyumba vya hoteli. Mwajiri hakumpa ruhusa ya kuja kuzika. Aliyaona maziko ya mama yake kwenye simu ya binamu, picha ikikatika na kurudi.

Mzee aliingia ofisini mwaka uliofuata, mwezi wa Mei, akaweka pasipoti mpya mezani kwangu.

"Nipatie ya Julai," alisema. "Nakwenda kuona Nafula."

Niliitazama ile pasipoti, nikamtazama na yeye. Nilikuwa najua ana presha, maana tulikuwa tukikutana foleni ya dawa. Nilimuuliza swali letu, mchana kutwa atakuwa wapi. Akasema atakuwa na binti yake.

"Julai hapana, Mzee. Nenda Januari. Januari utatembea mji wote na koti lako."

"Julai ni baridi."

"Ni baridi hapa."

Alivua kofia akaiweka juu ya pasipoti. "Mama Mshai, mimi unanifundisha joto? Mimi nimefanya reli kutoka Maungu mpaka Mtito, chuma inashika moto huwezi gusa, na chakula tunakula hapo hapo juani. Kwetu mtoto anapewa jina ya wakati amezaliwa. Mimi ni Simiyu, nilizaliwa kiangazi. Jua na mimi ni ndugu."

"Wakati ule wa reli ulikuwa unameza dawa za presha?"

Akaichukua kofia yake, akaigeuza mikononi.

"Hizo dawa zinakutoa maji mwilini, Mzee. Na jua la kule linakutoa maji. Utabaki na nini? Subiri Januari. Nafula hatakimbia."

"Ameshakimbia," akasema.

Alilisema polepole, na mimi nikaacha kugonga kalamu mezani. Ndipo akanieleza. Kwao, mtu akishazikwa, siku chache baadaye jamaa zake hunyolewa. Mpaka unyolewe, msiba haujakutoka, bado umo ndani yake. Watoto wote walinyolewa isipokuwa Nafula. Tangu siku ile, akipigiwa simu anasalimia, anauliza kama pesa zimefika, anakata. Ndugu zake wakimwambia aje nyumbani likizo, anasema tiketi ni ghali. Pesa hizo hizo za tiketi anawatumia wasome.

"Hajalia," Mzee alisema. "Mama yake amekufa na yeye hajalia. Nakwenda kumnyoa mimi mwenyewe."

"Hata Januari atakuwa na nywele."

"Januari hoteli imejaa wageni, hapati siku. Likizo wanamtupia Julai peke yake, wakati hakuna mtu. Na ukikataa kuniandikia, nitaenda kwa wale vijana wa saiba, wanakata kwa kompyuta."

Nilimwomba anipe siku moja. Alipotoka nilikasirika, nawaambia ukweli. Nilimkasirikia mwajiri yule, nikaikasirikia Julai, nikamkasirikia hata marehemu aliyekuwa akiniongezea sukuma. Nikampigia Nafula. Niliogopa. Mzee yule angeweza kuanguka kule na mimi ndiye niliyemkatia.

"Anti, mwambie asije," Nafula alisema mara tu nilipoitaja safari.

"Kwa sababu gani?"

"Joto."

"Joto tu?"

Nilisikia kigari cha mashuka kikisukumwa. "Mwambie ni joto, anti. Wewe atakuamini."

"Basi likizo yako njoo wewe huku."

"Siwezi kuingia ile nyumba."

"Kwa nini, mwanangu?"

"Nikiingia nitamkosa mama," alisema, na simu ikakatika.

Nilikaa na ile simu mkononi. Bi Zuhura alikuwa upande wa pili wa chumba, tayari macho yanamsumbua, anasikiliza kila kitu. Nikamwuliza nifanye nini. Nilitegemea aniunge mkono, maana kanuni ilikuwa yake.

"Mimi nilikufunza uulize mchana atakuwa wapi," alisema. "Umeuliza, na yeye amekujibu. Atakuwa na mtoto wake."

Nikaikata ile tiketi ya Julai. Ila niliikata kwa masharti, na hapa sikieni, maana ndipo kazi ilipo. Kwanza nilimpeleka zahanati mimi mwenyewe, daktari akampangia upya dawa zake na kumwambia kiasi cha maji ya kunywa. Nilimtafutia ndege inayotua jua likiwa limezama. Nilimwambia jua likitoka asionekane nje, hata kama ni kutupa takataka. Na siku ya kuondoka, nilipomwekea sawa koti lake pale stesheni, nikagusa kitu kigumu mfukoni. Ulikuwa wembe wa kunyolea, wa kukunja, umefungwa kwa kitambaa.

"Mzee, hiki wakikukuta nacho mlangoni pa ndege hufiki popote."

"Nitawaambia ni ya nini."

"Hawatangoja uwaambie." Nikafungua sanduku nikauzika katikati ya nguo. Mizigo inayokwenda tumboni mwa ndege ndiyo mahali pa vitu kama hivyo, na nyinyi muwakumbushe wazee wenu, maana wanasafiri na visu vya kumenyea machungwa bila kufikiria.

Siku zile zote sikula vizuri. Nilikuwa nafungua simu naangalia joto la Dubai kabla ya kuangalia kitu kingine chochote, na kila nikiangalia najuta kuangalia.

Alirudi mwezi unaisha, amekauka midomo, anatembea polepole kuliko alivyoondoka. Alikuja ofisini akakaa kwenye benchi ya wateja. Alitusimulia mimi na Bi Zuhura pamoja.

Nafula aliishi ghorofani na wasichana wenzake, chumba kimoja. Siku za mwanzo walikaa tu. Anapika, anaosha, anamwuliza kama kiyoyozi kinamtosha, wala hataji mama. Mzee naye alinyamaza. Mwishowe akamwambia amekuja kumnyoa. Nafula akasema sawa, yeye atakaa kwenye kiti pale pale anyolewe. Mzee akakataa. Nywele za msiba haziangukii vigae, lazima ziangukie udongo.

Wakashuka alfajiri nyuma ya jengo, mahali pa kuegesha magari, palipokuwa na mchanga kidogo kando ya ukuta. Hata jua halijatoka hewa ilikuwa inachoma. Nafula akaketi chini. Mzee akaanza, lakini mkono ulikuwa si ule wa zamani, na nywele za msichana zilikuwa nyingi. Jua likamkuta amefika nusu.

"Sasa Mama Mshai uliniambia jua ikitoka niingie ndani," alisema. "Lakini kichwa huwezi acha nusu. Nikaendelea. Nikaanza kuona giza. Nikashika ukuta."

Wasichana wa chumbani walikuwa wanaangalia dirishani. Waliteremka, mmoja wa Uganda, wawili wa Ufilipino, mwingine wa Nepali. Mmoja alibeba mwavuli, mwingine shuka ya kitandani, wakaishika juu ya Mzee na binti yake pande zote nne. Yule wa Uganda akamlowesha Mzee shingo kwa taulo la maji baridi kila baada ya muda. Hawakuuliza ni dini gani wala ni mila gani. Wembe ulipomaliza kisogoni, Nafula alijishika kichwa kwa mikono miwili, akaita mama yake. Alimwita kwa sauti mpaka mlinzi wa magari akaja mbio, wale wasichana wakamrudisha kwa kumpungia mkono. Nafula alilia mpaka jua likapanda kabisa, na wale wasichana hawakuishusha shuka.

Bi Zuhura alijifuta macho kwa ncha ya mtandio. Mimi nilimwuliza Mzee swali la kijinga, maana sikuwa na lingine. Nilimwuliza kama kweli kulikuwa na joto.

"Lile si joto," alisema. "Ile ni adhabu. Julai yao usimuuzie mtu."

Baada ya pale simu za Nafula zilibadilika. Alikuwa akipiga karibu kila siku, anamsimulia baba yake wageni wa ajabu wa hotelini, anataka kujua mama alizikwa upande gani wa mgomba, nani alipika, nani alisema nini. Mzee alinipitia ofisini kunieleza, nami nikawa najua habari za hoteli ile kuliko wafanyakazi wake. Lakini mwili wake haukurudi ulivyokuwa. Sitasema ni ile safari wala sitasema si ile safari. Daktari alisema moyo ulikuwa umechoka tangu zamani.

Machi iliyofuata alilazwa, kisha wakamrudisha nyumbani. Nyinyi mnaijua Machi ya Voi. Vumbi limeingia mpaka kwenye sukari, mabati yanalia mchana, mtu mzima analala sakafuni kutafuta ubaridi. Bi Zuhura alikuwa ameshaacha kazi, nami nilikuwa namalizia siku zangu. Nilikuwa ndio kwanza nimetoka kumjulia hali Mzee nilipopigiwa simu na Nafula.

"Anti, nije lini?"

Nikamwacha amalizie.

"Nimeangalia kwa simu. Inasema huko sasa ni joto mbaya sana, ni afadhali Julai. Na Julai ndio nina likizo. Saa hii hoteli imejaa, nikiomba watanifuta. Baba anasema yuko sawa, anasema ningoje Julai, hewa itakuwa nzuri tutembee. Wewe umemwona. Nije Julai?"

Maisha yangu yote mtu akiniuliza swali hilo nilimpa miezi. Nilimpa upepo, nilimpa jasho la bahari, nilimwambia abebe nini na aache nini. Na hesabu za Nafula zilikuwa sahihi kabisa. Kwa mgeni, Julai ndiyo Voi ya kutembelewa. Lakini nilikuwa nimetoka kumwona baba yake akishindwa kuinua kikombe, na sauti yake imebaki ya kunong'ona.

"Njoo sasa," nilimwambia.

"Na kazi?"

"Hiyo sijui, mwanangu. Mimi nakata tiketi tu. Njoo sasa."

Nilimsikia akivuta pumzi. Akanitajia jinsi anavyotaka tiketi yake, nikaandika alivyosema, na sikumwuliza swali jingine.

Nilimpokea kwenye treni akitokea Nairobi. Nywele zilikuwa zimeota, amezisuka. Alitoka jasho kabla hatujafika barabarani, akasema Voi imekuwa tanuri, nikamwambia Voi haijawahi kuwa kitu kingine. Mlangoni kwao alisimama. Nilidhani atageuka. Kisha akavua viatu, akaingia kwenye ile nyumba aliyosema hawezi kuingia, akapita sebuleni palipokuwa na kiti cha mama yake, akafika chumbani. Mimi nilibaki kwenye kizingiti na sanduku lake.

"Ni nani?" Mzee aliuliza.

"Ni mimi, Baba."

"Umekuja na joto hii?"

"Nimekuja."

Mzee alimtazama kwa muda mrefu. Uso wake haukuwa wa furaha bado, ulikuwa wa mtu anayeogopa kupewa kitu kisha anyang'anywe.

"Na unarudi lini?"

"Sikukata ya kurudi," Nafula alisema.

Mzee akaikusanya miguu yake polepole, mmoja halafu mwingine, akaisogeza upande wa ukutani, binti yake apate mahali pa kukaa.